Neno Lenye Maneno Mengi

Paukwa! Pakawa! Leo, wanangu, nawasimulia kisa cha neno. Ni neno la Kiingereza, loquacious, na huitwa hivyo mtu mwenye maneno mengi, yule ambaye akianza kusema wenzake hawapati nafasi hata ya kukohoa.

Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini, kusema ni loqui. Hapo hapana sifa wala lawama. Lakini Warumi walikuwa na kiambishi cha mwisho, -ax, cha kumtaja mtu anayezidisha jambo. Kumeza ni vorare, na mlafi wakamwita vorax. Vivyo hivyo loqui likazaa loquax, mlafi wa maneno. Mshairi Virgil aliwapa sifa hiyo hata vyura, na aliyewahi kulala karibu na dimbwi wakati wa masika hatambishia.

Sasa tegeni masikio. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba, karibu mwaka 390 kabla ya Kristo, mtu wa kawaida wa Roma, Marcus Caedicius, alisikia sauti barabarani usiku, kubwa kuliko ya binadamu. Ilimwagiza awaambie wakuu wa mji kuwa maadui, Wagalia, wanakuja. Akaenda, akasema. Wakuu wakampuuza kwa sababu ya unyonge wake. Wagalia wakaja kweli, wakauteka mji na kuuchoma moto. Vita vilipokwisha, Warumi waliijengea sauti ile hekalu, wakaiita Aius Locutius. Hilo Locutius limetoka kwenye loqui lile lile.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa. Yumo eloquent, msemaji fasaha. Yumo pia ventriloquist, msanii anayesema bila kuchezesha midomo. Venter ni tumbo, kwani watu wa kale walidhani sauti yake inatoka tumboni. Mkikutana na -loqu- ndani ya neno la Kiingereza, jueni kuna mtu anasema.

Basi semeni, wanangu, wala msiogope, ila semeni kwa kiasi. Na akija mtu na habari, hata awe mnyonge namna gani, msikilizeni kwanza. Roma haikuponzwa na aliyesema. Iliponzwa na wakubwa waliokataa kusikia.