Hela inarudi, msimu haurudi: maharage mafupi kutoka bustanini hadi kwa mteja

Mfanyabiashara mwenzangu, kuna kosa nililifanya mimi, nisingependa na wewe ulirudie. Nilinunua maharage mekundu sokoni Mbinga, masafi kwa macho, nikapiga picha nikaweka status: "Mbegu nzuri ya maharage mafupi, kilo zipo." Mama mmoja wa Mbamba Bay akachukua kilo tano. Baada ya wiki mbili akanitumia picha: kwenye kila mashimo kumi yameota matatu. Nilimrudishia hela yake yote. Lakini msimu wake ulishapita, na hakuninunulia tena.

Tangu hapo nina kibustani nyuma ya nyumba. Nauza ninachokijua. Fanya hivi na wewe:

1. Jaribu mbegu kwanza. Hesabu mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, usikiache kikauke. Siku ya 7 hesabu zilizoota. Zikifika 16, panda. Zikiwa chini ya hapo, hayo ni ya sufuria.

2. Eneo la mita 5 kwa 2 linatosha kuanzia. Lainisha udongo, changanya samadi iliyooza vizuri. Piga mistari 4, nusu mita kati ya mstari na mstari. Weka mbegu moja kila sentimita 10, kina cha sentimita 3 hadi 5. Hapo ni mbegu 200, hata robo kilo haifiki. Maharage mafupi hayatambai, kwa hiyo huhitaji miti. Palilia mapema, malizia kabla ya maua. Usiingie bustanini majani yakiwa na umande, utasambaza magonjwa.

3. Jua mteja wako anaishi wapi. Huku juu Umatengoni watu hupanda maharage kwenye ngoro mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa tatu hivi, ili yakaukie kiangazi. Ukishuka Mbamba Bay, Liuli au Lituhi mambo ni tofauti. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na joto likizidi nyuzi 30 maua yanadondoka, unabaki na majani tu. Mteja wa ziwani mwambie apande mwezi wa tano, baridi inapoingia, na awe na maji ya kumwagilia.

4. Vuna kwa hesabu. Mabichi yanakuwa tayari siku ya 50 hadi 60, makavu siku ya 75 hadi 90. Penye baridi yanachelewa zaidi. Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya kioo, tia maharage na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Yakikauka, yafunge kwenye mfuko wa PICS bila kuacha hewa. Wadudu wanaotoboa maharage wanakufa kwa kukosa hewa, huhitaji dawa.

5. Chunga neno "mbegu". Tuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na msimamizi ni TOSCI. Mbegu iliyothibitishwa, mfano Lyamungu 90, inakuja na lebo ya TOSCI kwenye mfuko. Maharage ya bustanini kwako yatangaze kama maharage ya kula. Ukitaka kuingia kwenye mbegu, muone afisa kilimo akueleze utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora.

Na picha? Piga siku ya 7, siku ya maua na siku ya kuvuna, bustani hiyo hiyo. Picha tatu za kwako zinauza kuliko moja nzuri ya kuokota mtandaoni, na mteja akiuliza swali una jibu.

Yule mama wa Mbamba Bay nilimpigia mwezi wa tano, nikamwelekeza pa kupata mbegu yenye lebo. Sikupata hata senti. Mwezi wa nane akaagiza maharage ya kula kwangu.

Mtumie mwenzako anayeuza maharage. Kazi njema.