Moshi wa jikoni si jambo la akina mama peke yao

Katika kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu (sio Bagamoyo ya Pwani), baridi huwafanya watu wafunge madirisha huku kuni zikiwaka ndani. Moshi huo una chembechembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Huwaletea watoto kichomi, na mama aliyepika miaka mingi huishia na kikohozi kisichopona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Miti itapona pia. Lakini mtungi wa gesi ukiisha, unataka fedha tena.

Rungwe wengi hufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Kinyesi chao kikichanganywa na maji kiasi sawa, kikafungiwa shimoni pasipo hewa, hutoa gesi ya kupikia, na masalio ni mbolea ya migomba. Nzi nao hupungua. Baridi hupunguza gesi, kwa hiyo mtambo ujengwe chini ya ardhi, mahali penye jua.

Kikwazo ni gharama ya ujenzi, na hapo ndipo halmashauri inapohitajika. Muulize diwani wako: katika bajeti, fungu la mitambo hiyo liko wapi? Mpaka hapo, fungua dirisha, tumia kuni kavu, na usipike ukiwa na mtoto mgongoni.