Jicho la Mbwa na Dawa Iliyobaki Kabatini

Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina mbwa wa ulinzi, na ina michongoma. Usiku mbwa akimfukuza paka kwenye ua huo, asubuhi utamkuta amefumba jicho moja, machozi yanamtiririka. Nimeona kwa majirani zangu kinachofuata: mwenye nyumba hufungua kabati, akatoa tyubu ya dawa ya macho aliyoibakiza mtoto, akampaka mbwa.

Hapo ndipo nataka tusimame. Baadhi ya dawa za macho za binadamu zina steroidi, kama vile deksamethasoni. Kazi yake ni kupunguza wekundu na uvimbe. Lakini kama konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, umekwaruzwa, steroidi huchelewesha kupona na kuwapa vijidudu nafasi. Mkwaruzo ambao ungepona kwa siku chache hugeuka kidonda, na kidonda kikizama, jicho hutoboka. Kibaya zaidi, mwanzoni jicho huonekana limepata nafuu, kwa kuwa wekundu umepungua!

Ufanye nini basi? Chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko cha chai kilicho sawasawa, uyaache yapoe kabisa. Mtu anayezoeana na mbwa amshike kichwa, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake. Mwagia jicho polepole, kisha pangusa tongotongo kwa kitambaa safi. Mwiba ulionasa ndani ya jicho usiuvute, mwachie daktari. Utando unaojitokeza upande wa puani nao usiuguse. Hilo ni kope la tatu, mbwa wote wanalo.

Asijikune. Kata kitako cha ndoo kuukuu ya plastiki, umvike shingoni kama faneli. Majirani watacheka, wacheke.

Ukiona ukungu wa buluu, usaha au damu, au jicho halijafunguka kesho yake, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Yeye hutia tone la rangi ambalo hung'aa kijani pale palipokwaruzwa, na ndipo huchagua dawa. Na kama tyubu ile ulishaipaka, nenda nayo umwonyeshe.