Sayansi yatafuta kinga ya mkakao

WAPENZI wa chokoleti ni wengi, ila wachache wanajua kwamba utamu huo huanzia katika mbegu chungu za tunda la mkakao.

Mti huu, ambao asili yake ni misitu ya Amazon, Amerika Kusini, hustawi karibu na Ikweta penye joto na mvua ya kutosha. Huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano.

Tunda likiiva hupasuliwa, na mbegu zake hurundikwa na kufunikwa, aghalabu kwa majani ya mgomba, kwa takriban siku sita ili zichachuke. Kisha huanikwa, hukaangwa na kusagwa. Hapo hupatikana unga wa kinywaji, pamoja na mafuta yanayotumiwa kutengenezea chokoleti na vipodozi.

Zaidi ya nusu ya kakao duniani hutoka Ivory Coast na Ghana, hasa kwa wakulima wadogo. Adui wao mkubwa ni virusi vinavyovimbisha matawi, ambavyo huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu. Maradhi hayo hayana tiba. Mti ulioambukizwa hukatwa.

Amri ya serikali ya kikoloni ya kukata miti hiyo nchini Ghana miaka ya 1940 iliwaghadhabisha wakulima, na ikachangia ghasia za 1948. Mnamo 2024, magonjwa na hali mbaya ya hewa vilipopunguza mavuno, bei ilipita dola 10,000 kwa tani.

Ndiposa wanasayansi wamegeukia jeni. Mnamo 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walieleza jinsi walivyotumia teknolojia ya Crispr kuvuruga jeni moja inayodhibiti kinga ya mkakao. Majani waliyoyafanyia hivyo yalistahimili zaidi vimelea vya jamii ya vile vinavyoozesha matunda.

Hata hivyo, jani la maabara si mti wa shambani. Mche sharti ukuzwe kwa miaka, ujaribiwe na uidhinishwe. Isitoshe, kinga dhidi ya uozo si kinga dhidi ya virusi.

Kwa mkulima aliyepoteza miti yake, tegemeo lingali miche safi na ukaguzi wa mapema. Naye hupanda akijua kuwa atangoja miaka kadhaa kabla ya kuvuna tena.