Karatasi ya amri za jQuery: Msaada usiohitaji bando, ila angalia toleo

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

KIJANA wa Kibaha au Kisarawe anayejifunza kutengeneza tovuti hukabiliwa na tatizo ambalo vitabu vya kompyuta havilitaji: maelezo mengi ya kazi yake yamo kwenye intaneti, na intaneti hununuliwa. Kila anaposahau jina la amri moja hulazimika kufungua tovuti, kutafuta na kusoma. Bando linapokwisha, kazi nayo husimama, hata kama kompyuta inawaka.

Mojawapo ya tiba za tatizo hilo ni ya zamani na ya bei nafuu, nayo ni karatasi ya rejea ya haraka. Hii ni karatasi ya ukubwa wa A4, ya upande mmoja au miwili, inayoorodhesha amri zinazotumika mara kwa mara pamoja na maelezo mafupi ya kazi ya kila amri. Huchapwa mara moja stesheneri, kisha hukaa mezani kando ya kompyuta.

Miongoni mwa karatasi za aina hiyo zilizoenea sana ni zile za jQuery. Hata hivyo, karatasi hizo zina hatari moja ambayo anayeanza huwa haijui: karatasi haibadiliki, lakini amri zilizoandikwa juu yake hubadilika.

jQuery ni nini?

JavaScript ni lugha ya kuandikia programu zinazotenda kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ambayo mtu huitumia kufungulia kurasa za intaneti. Ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Lugha hiyo ndiyo inayoufanya ukurasa uitikie mtumiaji anapobofya kitufe au kujaza fomu.

Katika miaka ya mwanzo, vivinjari havikuielewa lugha hiyo kwa namna moja. Msimbo uliofanya kazi katika Firefox uliweza kugoma katika Internet Explorer, na mtengenezaji alilazimika kuandika jambo lile lile mara mbili.

Mwaka 2006 Mmarekani John Resig alitoa jQuery, ambayo kwa lugha ya wataalamu huitwa maktaba, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa ambazo mtu mwingine anaweza kuzitumia bila malipo. Mtengenezaji aliandika amri moja fupi, na maktaba ikashughulikia tofauti za vivinjari.

Leo vivinjari vimekaribiana, na maktaba nyingine kama React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, zimechukua nafasi kubwa katika kazi mpya. Pamoja na hayo, jQuery ingali ndani ya tovuti nyingi mno, zikiwamo zilizojengwa kwa WordPress. Kijana anayepata kibarua cha kurekebisha tovuti ya duka, shule au taasisi ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo.

Kilichomo ndani ya karatasi

Karatasi nzuri ya jQuery hugawanywa katika mafungu matano: amri za kuchagua sehemu ya ukurasa, za kuibadili sehemu hiyo, za kusikiliza matendo ya mtumiaji, za kuonyesha au kuficha vitu, na za kuleta taarifa kutoka kwenye seva bila kufungua ukurasa upya. Fungu hilo la mwisho hujulikana kwa jina la Ajax.

Mfano wa mstari mmoja ni huu:

$("#ada").hide();

Alama ya dola huiita jQuery. Maneno yaliyo ndani ya mabano huchagua sehemu ya ukurasa iliyopewa jina la "ada", na alama ya reli huonyesha kwamba hilo ni jina la kitu kimoja tu. Kama pangekuwa na nukta badala ya alama ya reli, zingechaguliwa sehemu zote za kundi lenye jina hilo. Neno la mwisho ndilo amri yenyewe, nayo huificha sehemu iliyochaguliwa.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba majina ya vitu anaweza kuyaweka mtengenezaji mwenyewe kwa Kiswahili, ila amri hubaki kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayeandaa karatasi yake mwenyewe hufaidika akiacha amri kama zilivyo na kuandika maelezo kwa Kiswahili. Lugha yetu haishindwi na kazi hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Hatari ya toleo

Kila maktaba ya kompyuta hutolewa kwa matoleo yenye namba, na toleo jipya huweza kufuta amri za zamani. Katika jQuery, amri ya .live() iliingizwa katika toleo la 1.3 mwaka 2009 na ikawa maarufu. Mwaka 2011 toleo la 1.7 lilileta .on() ili kushika nafasi yake, na mwaka 2013 toleo la 1.9 likaifuta .live() kabisa. Vivyo hivyo .size(), iliyotumika kuhesabu vitu vilivyochaguliwa, iliondolewa katika toleo la 3.0 mwaka 2016. Badala yake hutumika .length.

Karatasi zilizochapwa kabla ya mabadiliko hayo hazikutoweka. Hunakiliwa kutoka flashi moja hadi nyingine, na fotokopi huzaa fotokopi. Mwanafunzi anayefuata karatasi ya mwaka 2010 huku akitumia toleo la 3 ataandika amri sawasawa na ilivyochapwa, na kivinjari kitamjibu kwamba hakuna amri ya jina hilo. Huweza kupoteza siku nzima akitafuta kosa katika msimbo wake, kumbe kosa limo kwenye karatasi.

Tatizo hilo haliwapati wanafunzi pekee. Agosti 2020 toleo la 5.5 la WordPress liliacha kuambatanisha jQuery Migrate, programu ndogo iliyokuwa ikizifanya amri za zamani ziendelee kueleweka. Tovuti nyingi duniani ambazo programu jalizi zake zilitegemea amri hizo zilipata hitilafu, na waandaaji wa WordPress wakalazimika kutoa programu ya muda ya kuzisaidia.

Njia ya kulijua toleo ni rahisi. Namba yake huandikwa mwanzoni kabisa mwa faili la jQuery. Aidha, katika sehemu ya kivinjari inayopokea amri za majaribio, ukiandika jQuery.fn.jquery utajibiwa kwa namba ya toleo. Namba hiyo ilingane na ile iliyo kwenye karatasi, angalau tarakimu ya kwanza.

Kabla ya kwenda stesheneri

Anayetaka kuchapa karatasi yake, iwe Maili Moja mjini Kibaha au Kisarawe mjini, azingatie mambo machache.

Kwanza, ahifadhi karatasi kama faili la PDF. Faili la kawaida la maandishi huweza kuvurugika mpangilio linapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Pili, atumie mwandiko ambao herufi l haifanani na namba 1, wala O na sifuri, ili zisichanganywe.

Tatu, achunguze alama za nukuu. Programu za kuandikia barua hubadili alama zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa msomaji ni pambo tu, lakini mtu akinakili msimbo huo kutoka kwenye faili na kuubandika, JavaScript haitaukubali.

Nne, achape nakala moja kwanza na kuisoma kwa mwanga wa kawaida kabla ya kuagiza fotokopi za darasa zima. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe huvumilia fotokopi kuliko ya rangi.

Tano, na hili husahaulika sana, karatasi pekee haitoshi. Mafunzo mengi humwelekeza mwanafunzi kuichota jQuery kutoka kwenye seva ya mbali kila ukurasa unapofunguliwa. Bila intaneti, maktaba haifiki na hakuna amri hata moja itakayotenda kazi. Inafaa kulipakua faili lenyewe mara moja na kuliweka kwenye folda ya kazi. Faili lililobanwa la toleo la 3 halifiki kilobaiti 100, kwa hiyo halitamaliza bando la mtu.

Mkoa wa Pwani una shule zenye historia ndefu ya elimu, zikiwamo Minaki wilayani Kisarawe na zile za Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Mahali ambapo wanafunzi kadhaa hutumia kompyuta moja kwa zamu, karatasi humwezesha anayesubiri kupanga msimbo wake kwa kalamu kabla zamu yake haijafika.

Ni vema kila karatasi iandikwe juu yake mambo mawili: namba ya toleo na tarehe iliyoandaliwa. Isiyokuwa na hayo isigawiwe darasani kabla mwalimu hajazijaribu amri zake kwenye kompyuta.