Mtafiti na Wenziwe: Ushirika katika Masomo ya Uzamivu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma darasani pamoja na wenziwe. Mwanafunzi wa uzamivu hana darasa. Chukulia mwanafunzi apimaye rutuba ya udongo wa mashamba ya mahindi huko Hanga, mkoani Ruvuma. Msimamizi wake yuko Morogoro au Dar es Salaam, umbali wa mamia ya kilometa. Mvua ikichelewa, au sampuli zikiharibika njiani, hana wa kumwuliza jioni ile ile. Hatimaye huanza kudhani kwamba kosa ni lake.

Hali hiyo imechunguzwa. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 2,279 katika nchi 26, wengi wao wakiwa wanafunzi wa uzamivu. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi wa kiwango cha wastani au kikali, na asilimia 39 dalili za sonona. Waliojibu walijitokeza kwa hiari, kwa hiyo tarakimu hizo hazipimi hali ya wanafunzi wote. Hata hivyo, zaonyesha kwamba shida hiyo si udhaifu wa mtu mmoja.

Sababu mojawapo imo mwilini. Binadamu akabiliwapo na tishio, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo kortisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu. Kwa muda mfupi homoni hiyo hufaa. Tishio lidumupo kwa miezi, usingizi huvurugika na kumbukumbu hufifia. Majaribio yameonyesha kwamba mtu anayekabili jambo gumu huku akiwa na rafiki wa kumwunga mkono hutoa kortisoli kidogo kuliko aliye peke yake. Kwa hiyo ushirika si anasa. Ni sehemu ya zana za kazi.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuujaribu ukweli huo. Katika miaka ya 1980 uchumi ulidorora, na maktaba za vyuo vikuu zikakosa fedha za kigeni za kununulia majarida. Mwaka 1988 ulianzishwa mjini Nairobi Muungano wa Utafiti wa Uchumi wa Afrika. Tangu mwaka 1993 wanafunzi wa uzamili kutoka vyuo mbalimbali walikutanishwa Nairobi kusoma masomo ya hiari ambayo idara moja peke yake isingeyamudu. Mpango wa uzamivu ulifuata mwaka 2002. Katika fani ya afya, muungano wa CARTA ulioanzishwa mwaka 2008 uliwapitisha wanafunzi wa kundi moja katika semina nne za pamoja, tangu kubuni swali la utafiti hadi kumaliza tasnifu.

Machi 2020 vyuo vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa tena Juni 1. Katika kipindi kama hicho, mwanafunzi aliyekwisha kuwajua wenziwe huweza kuendelea nao kwa simu. Asiye nao hubaki na makaratasi yake.

Hanga yenyewe ina funzo. Watawa wa Kibenedikto waliianzisha monasteri yao hapo mwaka 1957. Kanuni yao, iliyoandikwa Italia katika karne ya sita, huigawa siku kwa saa maalumu za sala, kazi za mikono na kusoma. Mtu hapangi siku yake upya kila asubuhi, wala habebi mzigo peke yake.

Mtafiti asiye mtawa aweza kufuata utaratibu wa namna hiyo. Kwanza, watafiti watatu au wanne wakutane kila juma kwa saa ile ile, hata kwa simu. Pili, kila mmoja aeleze lililoharibika kabla ya lililofanikiwa, maana kosa lililotajwa mapema hurekebishika. Tatu, msimamizi aweke tarehe ya mazungumzo asiyoibadili. Sampuli zikiharibika tena huko Hanga, hasara itakuwa ile ile. Lakini usiku huohuo atapatikana mtu wa kusema jinsi yeye alivyozihifadhi zake.