Picha yangu, maneno yake: jezi tatu za baiskeli zilivyonifundisha kuandika tangazo

Leo nawaletea somo lililonigharimu hela. Nimechelewa kuliandika kwa sababu lilikuwa linaniuma.

Mwaka juzi nilifungua balo la nguo za michezo. Mimi nauza mitumba ya kuchagua hapa Arusha. Nina fremu ndogo, ila wateja wengi nawapata kwenye simu. Ndani ya lile balo zikatoka fulana tatu za ajabu. Mbele fupi, nyuma ndefu. Zipu kifuani. Mifuko mitatu, yote iko mgongoni juu kidogo ya kiuno. Nikacheka, nikasema huyu fundi alilala kwenye cherehani. Nikazitundika ukutani, nikapiga picha, nikaposti: "T-shirt za zipu, kali sana, 7,000 tu, wahi inboksi." Kaka mmoja akazibeba zote siku hiyohiyo. Elfu 21. Nikafurahi, maana kodi ya fremu ilikuwa imebakiza siku nne.

Baada ya wiki rafiki yangu ananitumia posti ya yule kaka. Picha ni yangu! Hadi misumari ya ukuta wangu inaonekana. Lakini maneno sasa: "Jezi ya baiskeli. Nyuma ni ndefu ili ukiinama kwenye usukani mgongo usibaki wazi. Mifuko iko nyuma ili vitu visining'inie na kukupiga mapajani ukikanyaga pedali. Saizi M, kifua sm 96. Bei 45,000." Na zote tatu ameandika IMEUZWA.

Piga hesabu mwenyewe. Fulana zilezile, picha ileile, tofauti elfu 114. Hiyo ni hela ambayo ingelipa kodi na chenji ikabaki.

Nilitaka kumtukana. Nikatulia, nikampigia, nikamuuliza umejuaje? Akaniambia yeye huwa anaendesha baiskeli na wenzake Jumapili. Halafu akasema, "Dada, kila kitu kwenye ile nguo kina sababu. We hukuuliza sababu."

Mimi ni wa kidato cha nne tu, chuo sikwenda. Lakini kuanzia siku ile, usiku nikiweka bando nilikuwa nasoma habari za nguo za baiskeli. Nikakuta kuna nchi ambayo baiskeli na mitindo ya nguo vimeshikana kwa zaidi ya miaka 100, nayo ni Uingereza. Wale waliofanikiwa kule, wadogo kwa wakubwa, nimewaona wanafanya kitu kimoja: wanaanza na shida ya mwendesha baiskeli, ndiyo wanakuja kwenye urembo. Twende nao mmoja mmoja, na kila mmoja nitakuonyesha cha kuchukua.

1. Alice Bygrave, fundi cherehani wa London

Miaka ya 1890 baiskeli ilikuwa moto Uingereza, na wanawake nao wakaitaka. Shida ilikuwa sketi. Zilikuwa ndefu hadi chini, zinanasa kwenye cheni na kwenye spoku, mtu anaanguka. Ukivaa suruali pana ukawa salama, unatukanwa njiani. Hata wakubwa hawakupona. Mwaka 1898 mama mmoja wa tabaka la juu, Lady Harberton, alifika hotelini na baiskeli yake akiwa amevaa suruali za namna hiyo, wakakataa kumhudumia kwenye chumba cha kahawa. Kesi ikafika mahakamani, na mwenye hoteli akashinda.

Sasa Alice Bygrave alikuwa fundi wa nguo, eneo la Brixton. Mwaka 1895 akasajili hakimiliki ya sketi yenye kamba na vigurudumu vidogo vilivyofichwa ndani ya mishono. Ukipanda baiskeli unavuta kamba, sketi inapanda juu. Ukishuka unaachia, inarudi chini, unatembea mjini kama mama yeyote. Kampuni ya Jaeger ikaichukua ikaitengeneza na kuiuza.

Angalia alichofanya. Mteja wake alikuwa na shida mbili kwa wakati mmoja: asianguke, na asitukanwe. Sketi moja ikajibu zote mbili.

Cha kuchukua: mteja wako ana shida ambayo anaitaja na nyingine ambayo haitaji. Anayeuliza "hili gauni linabana?" wakati mwingine anaogopa watu watasema nini kanisani au msikitini. Ukijibu na ile ya pili kwa heshima, umemaliza biashara.

2. Brooks, siti ya ngozi

Birmingham kulikuwa na bwana anaitwa John Boultbee Brooks. Mwaka 1866 alianzisha biashara ya vitu vya ngozi, hatamu na matandiko ya farasi. Kampuni yenyewe inasimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, hana hela ya mwingine, akaazima baiskeli ya kwenda nayo kazini. Siti ikamuumiza vibaya mno. Yeye ngozi anaijua, akakaa chini akatafuta dawa. Mwaka 1882 akasajili hakimiliki ya siti yake.

Siti yenyewe ni kipande cha ngozi nene kilichotandazwa juu ya fremu ya chuma kama ngozi ya ngoma. Mwanzoni ni ngumu. Ukiikalia kwa muda inabonyea kufuata umbo lako wewe. Modeli yao ya B17 ilianza miaka ya 1890 na mpaka leo inauzwa. Watu wa mitindo nao wanaipenda, kwa sababu ngozi inavyozeeka ndivyo rangi yake inavyozidi kupendeza.

Cha kuchukua: Brooks hafichi kwamba siti inaanza ikiwa ngumu. Anakueleza mapema, na ule ugumu unakuwa sehemu ya sababu ya kununua. Sisi tunaficha. Kiatu cha ngozi kinabana siku tatu za kwanza, tunakaa kimya, mteja anarudi na hasira. Mwambie mapema: "Kitabana kidogo, kivae nyumbani na soksi nene siku mbili tatu." Hapo atakuona unajua kazi yako.

3. Paul Smith, aliyeanguka na baiskeli

Wazee wetu wanaijua Raleigh. Kwetu babu alikuwa nayo, nyeusi, taa ya dainamo, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Baiskeli zile zilikuwa zinatengenezwa mji wa Nottingham. Paul Smith ni mtoto wa hukohuko, kazaliwa 1946. Aliacha shule na miaka 15, bila cheti. Ndoto yake ilikuwa awe mwendesha baiskeli wa mashindano. Akapata kibarua kwenye ghala la nguo, kazi ya kutumwatumwa, anakwenda na kurudi kwa baiskeli. Alipofika miaka 17 akapata ajali mbaya, akalazwa hospitali miezi. Ndoto ya mashindano ikaishia hapo.

Alipotoka akaanza kukaa na wanafunzi wa sanaa, akapenda ubunifu. Mwaka 1970 akafungua duka dogo Nottingham, chumba cha mita 3 kwa mita 3, hakina dirisha. Lilikuwa linafunguliwa Ijumaa na Jumamosi tu, siku nyingine anafanya vibarua ili duka lisife. Pauline Denyer, mpenzi wake ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, ndiye aliyesomea mitindo na alimsaidia sana. Mwaka 1976 akapeleka nguo zake Paris, akazipanga kwenye chumba cha hoteli. Mwenyewe husimulia kwamba siku zikapita hakuna mtu aliyegonga mlango, hadi siku ya mwisho jioni akaja mteja mmoja.

Leo ni mbunifu mkubwa duniani. Anajulikana kwa suti ambazo nje zimetulia, ukifungua ndani unakuta bitana ya rangi kali. Na baiskeli hakuiacha. Mwaka 2013 ndiye aliyebuni jezi za viongozi wa mashindano ya Giro d'Italia, ikiwemo ile ya waridi anayovaa anayeongoza. Aliyeshindwa kuvaa jezi, akaichora.

Cha kuchukua: usione haya ya fremu ndogo wala ya kufungua siku mbili kwa wiki. Ila zingatia, hela ya kula alikuwa anaitafuta kwingine ili mtaji wa duka asiuguse. Sisi tunauza magauni mawili, moja linakuwa mboga na jingine linakuwa bando.

4. Rapha, waliouza kwa mtandao

Hawa ndio wenzetu kabisa. Simon Mottram alianzisha Rapha London mwaka 2004. Wakati ule jezi nyingi za baiskeli zilikuwa zimejaa nembo za wadhamini kama ukuta wa matangazo. Yeye akaja na jezi zilizotulia, rangi chache, kitambaa chenye sufu ya merino ambayo haishiki harufu haraka hata ukitoka jasho. Bei ilikuwa juu na watu walilalamika. Lakini sehemu kubwa ya mauzo ilipita kwenye intaneti, moja kwa moja kwa mteja, bila mtu wa kati. Na kwa vile mteja wa mtandao hawezi kugusa kitambaa, wao wakawekeza kwenye picha na maelezo. Jezi nyingine zilishonwa lebo ndani yenye hadithi fupi ya historia ya mbio za baiskeli.

Kuanzia 2013 hadi 2016 Rapha waliivalisha timu ya Team Sky ya Uingereza. Humo alikuwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundwa baiskeli akiwa kijana na Mkenya David Kinjah. Ndani ya miaka hiyo minne Froome alishinda Tour de France mara tatu: 2013, 2015 na 2016. Mwaka 2017 Rapha ikauzwa kwa bei iliyotajwa kuwa karibu pauni milioni 200.

Cha kuchukua: kwenye mtandao, maelezo yako ndiyo mkono wa mteja. Asichoweza kugusa, mwambie. Kizito au chepesi? Kinavutika? Kinaonyesha mwili ukisimama kwenye mwanga?

Sasa mimi nafanyaje siku hizi?

Kabla sijaposti kitu chochote najiuliza maswali manne, nayaandika kwenye daftari:

- Kwa nini kimetengenezwa hivi na si vingine? Kila mfuko, kila mshono, kila kifungo cha ajabu.
- Nani ana shida ambayo hiki kinaitatua? Huyo ndiye naandika kwa ajili yake.
- Kina kasoro gani? Naitaja na kuipiga picha.
- Vipimo vyake ni vipi? Napima kwa futi kamba. Saizi M ya huko si M ya kwetu.

Halafu picha. Kama siri ya nguo iko mgongoni, usiposti kifua peke yake. Jezi ya baiskeli mvalishe mdogo wako, muinamishe kwenye baiskeli hata ya kuazima. Mteja ataelewa kabla hujaandika neno.

Mwezi wa nne, mvua zimepamba, nilipata koti la mvua pana kama blanketi, halina mikono, ndani lina vitanzi viwili vidogo. Zamani ningeandika "koti la mvua, 8,000". Nikatafuta. Kumbe ni la mwendesha baiskeli: vile vitanzi unapitisha vidole gumba, koti linatandaa juu ya usukani, mvua haikulowanishi mapaja. Nikaandika hivyohivyo. Akalinunua baba mmoja anayesambaza maziwa kwa baiskeli, 25,000, hata hakuomba punguzo. Wiki iliyofuata akaniletea mwenzake anauliza kama kuna jingine. Halikuwepo, nilimwambia ukweli.

Sisemi kila kitu kitatoka. Nina mkoba wa ngozi nimeuelezea vizuri mpaka nimechoka na bado unanitazama. Na maneno hayaokoi bidhaa mbovu, mteja akishaosha mara moja atajua. Kingine, usiandike Rapha au Paul Smith kwenye nguo usiyoijua. Kama lebo imekatwa, sema imekatwa. Kazi ya nguo unaweza kuieleza bila kudanganya jina.

Yule kaka bado ni mteja wangu. Kila nikifungua balo anauliza kama kuna jezi. Namtumia picha na maelezo kamili, halafu namtajia bei yangu. Siku ya kwanza alicheka, akalipa.

Haya, zamu yako. Chukua kitu kimoja ambacho kimekaa dukani zaidi ya mwezi. Kijibie yale maswali manne, kisha weka tangazo lako jipya hapo chini kwenye maoni. Tutasomeana na kurekebishana, bila kuchekana.